Gari Lisilokula Mafuta

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu hudhani ni wa watoto wa matajiri peke yao, yaani mashindano ya vigari vidogo, vile ambavyo wenyewe huviita gokati. Jambo hili limenifikia mlangoni. Binamu yangu mmoja, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alipanda nyumbani Kirua Vunjo kwa Krismasi na wanawe watatu, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, akaniuliza kama kuna njia ya kuwanunulia watoto gokati bila kuuza kiwanja. Wakati ananiuliza, wanawe walikwisha ingia barabarani na watoto wa jirani. Walikuwa wamepanda kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, wanateremka huku wakitoa mlio wa injini kwa midomo.

Nilimwambia: mangi, hiyo unayoiulizia wanayo tayari. Akacheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Hebu tuanze na asili ya hiyo gokati yenyewe. Mwaka 1956, huko California, Marekani, fundi mmoja aitwaye Art Ingels, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuunda magari ya mashindano, alichomelea mabomba ya chuma na rafiki yake Lou Borelli, wakaweka magurudumu manne madogo, na nyuma wakafunga injini ya mashine ya kukata majani. Hakikuwa na bodi wala shokapu, na dereva alikaa karibu kugusa ardhi. Walikijaribu katika maegesho ya magari ya uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena. Watu walikiona, wakakitaka, na miaka michache baadaye viwanda vilikuwa vinaviunda kwa biashara. Kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa misumeno ya kukatia magogo, ilianza mwaka 1959 kutengeneza injini za vigari hivyo. Kwa hiyo mchezo huu ulizaliwa kwenye chuma chakavu na injini ya bustani. Ulianza kama mchezo wa mafundi, na utajiri ukaufuata baadaye.

Sasa utajiri uliingiaje? Hapa ndipo penye somo kwa mzazi mwenye mfuko wa kawaida. Wengi wetu tukisikia mchezo fulani ni ghali, tunafikiri ghali ni kile chombo. Tunauliza, gokati moja shilingi ngapi? Swali hilo ni dogo. Chombo unakinunua mara moja. Kinachokausha mfuko ni vile vinavyoliwa kila Jumamosi. Matairi ya mashindano hutengenezwa kwa mpira laini ili yashike lami, na kwa kuwa ni laini huisha upesi. Injini ya mashindano ya mipigo miwili huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na chuma kinachokimbizwa hivyo hudai pistoni na ringi mpya baada ya saa za kuhesabika. Ongeza cheni, petroli iliyochanganywa na oili, gari la kubebea hicho kigari, ada ya uwanja, na kila kinachopinda mnapogongana. Halafu kuna lile ambalo haliandikwi kwenye risiti: mtoto wa mwenzio amebadilisha matairi, wako anaomba nawe ubadilishe.

Ndiyo maana wale waliopanda kutoka chini katika mchezo huu walibana matumizi pale pale panapovuja. Michael Schumacher wa Ujerumani, bingwa wa dunia wa Formula One mara saba, baba yake alikuwa fundi wa kujenga nyumba kwa matofali. Kigari cha kwanza cha Michael kilikuwa cha kukanyaga pedeli, baba yake akakifungia injini ndogo, na katika uwanja wa Kerpen kijana alikimbia na vipuri ambavyo wengine walikwisha vitupa. Lewis Hamilton wa Uingereza, naye bingwa mara saba, alianza mashindano ya gokati mwaka 1993, na baba yake, Anthony, kuna wakati alifanya kazi tatu hadi nne kwa pamoja ili mtoto aendelee. Nawataja hawa si kwa kuwa kila mtoto wa Kirua atakuwa Hamilton. Nawataja kwa sababu hata hao mabingwa walipitia mlango wa vitu vilivyokwisha tumika.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Wazee wetu wanaukumbuka mbio wa magari wa Safari, ulioanza mwaka 1953 na ukawa unapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi magari wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha tumiwa katika mashindano na timu ya kiwanda. Wao walilinunua likiwa kuukuu, wakalifungua, wakalirekebisha kwa mikono yao, wakayashinda magari mapya ya viwanda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mtu anayejua kufungua na kufunga gari lake mwenyewe amekwisha punguza nusu ya gharama kabla hajatoka gereji.

Basi kwa wale ambao hawatatulia mpaka wasikie mlio wa injini, nina maneno machache tu, kisha nirudi kwenye mteremko ambao ndio hasa nilioujia. Kwanza, kukodi ni nafuu kuliko kumiliki. Nairobi, kwa mfano, ulijengwa uwanja wa gokati za kukodisha jirani na mkahawa wa Carnivore, ambapo mtu analipia mizunguko yake, akimaliza anarudi nyumbani, na tairi likiisha ni shauri la mwenye uwanja. Pili, ukijiunga na wenzako kuunda moja, usiifuate ile injini ya mipigo miwili. Fuata injini ya mipigo minne, ya aina ile inayoendesha pampu za maji na jenereta ndogo. Viwanja vya kukodisha navyo hutumia injini za namna hiyo. Huzunguka kama mara 3,600 kwa dakika, haina haraka, na kwa hiyo hudumu. Spea zake na cheni ya bodaboda vyote vinapatikana Moshi mjini. Tatu, msidanganyike kwamba gokati ni gari lililofanywa dogo. Gokati haina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye kona gurudumu la ndani lazima liinuke kidogo, la sivyo chombo kinang'ang'ania kwenda mbele. Ndiyo maana fremu huachwa inyumbuke, ifanye kazi ya shokapu. Fundi wa kuchomelea ambaye hajui hilo atakuwekea mabomba manene kila mahali, atakutoza chuma kingi, na kigari kitakataa kukata kona.

Haya, turudi Kirua Vunjo. Asiyepafahamu, ukitoka Moshi kwa barabara ya Himo, ufikapo Uchira unashika mkono wa kushoto na kuanza kupanda. Kutoka hapo ni vihamba juu ya vihamba, migomba na kahawa, hadi ukaribie msitu. Sehemu tambarare ya kuchezea mpira tunaitafuta kwa tochi. Lakini mteremko tunao wa kugawa. Na mteremko, ndugu msikilizaji, ni injini. Haina pistoni, hainywi petroli, haiungui, na mtu hawezi kununua iliyo kubwa kuliko ya mwenzake ikiwa wote mnateremka kilima kimoja.

Hesabu yake ni nyepesi, na naomba wazazi waisikilize vizuri maana ndani yake mna furaha na mna hatari. Mwendo wa kigari kinachoteremka hautegemei sana urefu wa njia. Unategemea umeshuka mita ngapi kwenda chini. Ukishuka mita mbili, na tusihesabu msuguano, utafika chini na mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli inayokanyagwa vizuri. Ukishuka mita tano, ni kilomita 36 kwa saa. Ukishuka mita kumi, ni kilomita 50, mwendo wa gari mjini. Msuguano wa magurudumu na upepo utapunguza kidogo, lakini si wa kutegemea. Na geuza maneno hayo upande wa pili: mtoto anayegonga mgrevilea baada ya kushuka mita tano anaugonga kwa nguvu ile ile ya mtu aliyeanguka mita tano kutoka juu ya mparachichi. Hakuna mzazi wa Kirua asiyejua kuanguka kutoka juu ya mparachichi kunavyokuwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua msumari mmoja, pimeni mteremko. Wala kazi hiyo haihitaji mhandisi. Fundi ujenzi wa kijijini ana pimamaji na kamba, au ana ule mpira wa plastiki unaoonyesha maji, anaotumia kusawazisha msingi. Atakwambia kutoka hapa hadi pale pameshuka mita ngapi. Wazee wetu waliochimba mifongo ya kumwagilia vihamba waliyaongoza maji kilomita nyingi kando ya mlima kwa kupima mwinamo kwa macho na kwa maji yenyewe, kwa hiyo nasi kupima kilima cha watoto si jambo la kutushinda. Kwa watoto wadogo chagueni pa kushuka mita mbili, wakubwa mita tatu au nne. Halafu tafuteni mahali ambapo mwisho wake unapanda. Hiyo ndiyo breki ya kwanza na ni ya bure: kigari kikifika chini kinaanza kupanda chenyewe, kinachoka, kinasimama.

Wamarekani walilijua hilo zamani. Mwaka 1933 huko Dayton, Ohio, mpiga picha wa gazeti, Myron Scott, aliwakuta wavulana wanashindana kuteremka na vigari vya masanduku ya mbao na magurudumu ya vibaiskeli. Aliwapiga picha, akaandaa mashindano, na mwaka 1934 yakafanyika ya taifa zima. Mwaka uliofuata yakahamia mji wa Akron, na mwaka 1936 ukajengwa mteremko maalumu wa lami kwa ajili yake, ambao mpaka leo unatumika. Na nichomeke hapa kwamba mwaka huo huo wa 1933, wakati wale watoto wa Dayton wanagongelea misumari, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wanaunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Nitaeleza kwa nini nimeutaja ushirika.

Waandaaji wa Akron waliweka kanuni mbili zilizoufanya mchezo ubaki wa watoto wa watu wa kawaida. Mtoto ajenge mwenyewe kigari chake, na gharama isizidi kiasi kidogo kilichowekwa. Magurudumu yalikuwa ya aina moja kwa wote, na uzito wa kigari pamoja na dereva ulikuwa na kikomo. Mnaona? Walifunga mfuko wa mzazi kabla mbio hazijaanza. Na kwa miaka mingi ilifaa. Lakini mwaka 1973 kijana wa miaka 14 kutoka Boulder, Colorado, alishinda, na wakubwa wa mashindano wakashuku. Wakakipiga kigari chake picha ya eksirei. Wakakuta puani mwa kigari mmefichwa sumaku ya umeme. Pale mwanzo wa mbio vigari vilizuiwa na bamba la chuma ambalo huanguka mbele kuviachia, na sumaku ile ililivutia bamba hilo, kwa hiyo kigari kikavutwa mbele kabla ya wenzake. Swichi yake ilikuwa kwenye egemeo la kichwa. Alivuliwa ubingwa siku mbili baadaye. Na ilikuja kujulikana kuwa wazo hilo lilikuwa la mjomba, mfanyabiashara mwenye uwezo, ambaye mwanawe ndiye aliyeshinda mwaka uliotangulia.

Mimi simlaumu sana yule kijana. Lakini nawajua wajomba wa namna hiyo, na kila Disemba tunao wengi tu huku mlimani, wanaoshuka kwenye magari yenye vioo vyeusi. Mchezo wa watoto ukianza Jumatatu kwa mbao na beringi, Ijumaa mjomba mmoja kaleta magurudumu ya aluminiamu kutoka mjini, na watoto wa jirani wameweka vigari vyao uvunguni kwa aibu. Kwa hiyo kanuni ni ya kwanza kabla ya mbao. Nilimwambia binamu yangu aandike kwenye karatasi moja: magurudumu ya aina hii tu, mbao za ukubwa huu, uzito wa kigari na dereva kilo kadhaa, na aliyepungukiwa anajazia kwa mfuko wa mchanga ili mtoto mwembamba asidhulumiwe. Kila kitu cha kununua kinunuliwe kwa pamoja, kigawanywe kwa kura. Hapo ndipo ushirika unapoingia. Wazazi wanane wakichanga kwenye upatu kidogo kidogo, hakuna anayeumia, na hakuna mtoto atakayesema baba wa fulani amenunua ushindi.

Sasa kigari chenyewe. Beringi kuukuu zinapatikana kwa mafundi wa magari, maana zikianza kuunguruma gari haliwezi kuzitumia tena, bali mtoto anaweza. Zinafaa kwenye saruji na lami laini. Lakini zina kasoro mbili. Ni chuma juu ya lami, hazishiki, kwa hiyo kwenye kona kigari kinateleza kama sabuni. Na kwenye vumbi zinazama, zinajaa mchanga, zinakwama. Njia zetu nyingi za ndani ni za vumbi, na mvua ikinyesha ni utelezi. Huko linafaa gurudumu kubwa zaidi, kama la toroli, au lile la mbao lililozungushiwa ukanda wa tairi kuukuu. Mtengenezaji wa katambuga ndiye mtaalamu wa kukata ukanda huo.

Kama mtu anaona gurudumu la mbao ni mchezo wa kitoto, na atazame Goma, mashariki mwa Kongo. Huko wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinachochongwa kwa mkaratusi na magurudumu yake kuvikwa mpira wa tairi. Vijana wanabeba viazi, makaa na mbao, mamia ya kilo, wanateremka navyo kutoka milimani hadi mjini bila tone la petroli. Mji wa Goma umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Na angalia breki yake: kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, dereva anakikanyaga kwa mguu. Kinaisha, wanabadilisha. Chombo kinachobeba riziki ya familia hakiwezi kuachwa bila breki, lakini vigari vyetu vya watoto hapa Kirua, vingi nilivyoviona, breki yake ni kisigino cha mtoto mwenyewe.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile ile ya mazungumzo yangu na binamu, kigari kiliwatoka watoto wetu kwenye kona, kikaingia katikati ya barabara wakati Noah iliyojaa abiria inapanda. Dereva alifunga breki. Ilibaki kama hatua nne. Mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka saba, ndiye aliyekuwa mbele. Hakuna aliyeumia, na dereva alishuka, akawakaripia, akaendelea na safari yake. Mimi nilibaki nimeshika ukuta.

Kwa sababu hiyo nasema kubana matumizi kuna mahali pake. Bana kwenye mbao: za mabaki zinatosha. Bana kwenye magurudumu, rangi, kiti. Usukani wa kamba na miguu, na ekseli ya mbele ikizunguka kwenye bolti moja, unatosha kabisa, ila gongelea vipande viwili vya mbao kuzuia isizunguke kupita kiasi, maana kigari kinachogeuka ghafla hubiringika. Tanua magurudumu, shusha kiti chini, refusha kigari kidogo, yote hayo hayana gharama na ndiyo yanayozuia kupinduka. Lakini kwenye breki usibane. Weka wenzo wa mbao unaokandamiza mpira wa tairi juu ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Kuujaribu ni rahisi: mweke mtoto ndani, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote, avute breki, wewe uachie. Kikisogea hata kidogo, hakuna mbio siku hiyo. Kisha ajaribu kusimama akiwa katika mwendo, mpime kwa hatua, na pale chini pawe na nafasi mara mbili ya hatua hizo. Mkumbuke pia kwamba kigari kizito hakiteremki kwa kasi zaidi kiasi cha kuonekana, lakini kinasimama kwa taabu. Mbao nene ni hasara pande zote mbili.

Na helmeti. Hiki ndicho kitu kimoja katika mchezo huu ambacho sishauri mtu akinunue kikiwa kimetumika na mtu asiyemjua. Ile povu ngumu ya ndani kazi yake ni kubonyea pale kichwa kinapogonga, na ikishabonyea mara moja haifai tena, hata kama ganda la nje linang'aa. Huwezi kujua iliyo sokoni ilianguka wapi. Vigari vinane havihitaji helmeti nane, na sababu yake ni namna ya kushindana ninayoipendekeza.

Msiwaachie watoto wateremke kwa pamoja. Njia zetu ni nyembamba, na mbio za bega kwa bega zinavunja vigari na mikono. Fanyeni kama ulivyofanywa ule mbio wa Safari: kila gari linaondoka peke yake, na mshindi ni saa. Simu zetu zote zina saa ya kupimia. Mmoja juu na kitambaa, mmoja chini na simu, kila mtoto ateremke mara tatu na muda wake uandikwe. Kwa mpango huo hakuna kugongana, hakuna matengenezo kila juma, na helmeti mbili au tatu za ukubwa tofauti, zilizonunuliwa mpya kwa mchango, zinapanda na kushuka siku nzima zikiwahudumia watoto wote. Tena yule mwenye kigari kibovu anashindana na muda wake mwenyewe wa jana, na nimeona watoto wanalipenda hilo kuliko watu wazima tunavyodhani.

Mwisho ni mahali pa kuchezea, na hapa lazima niseme ukweli. Katika vihamba vyetu ardhi ndiyo ghali kuliko injini yoyote. Barabara kuu, zikiwamo ile ya Moshi kwenda Himo na ile ya Himo kupanda Marangu, zifutwe kabisa katika mawazo ya mtoto. Kinachowezekana ni njia ya ndani isiyopitisha magari mengi, ifungwe saa mbili tu Jumamosi asubuhi, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, huku kila mwisho akisimama mtu mzima wa kuzuia bodaboda. Mwenye mgonjwa au mzigo akija, mbio zinasimama, anapita. Kingo za njia ziwekwe magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, ambayo kwa wingi wake hatuwezi kuyamaliza, na matairi kuukuu yafungwe kwa kamba kuzunguka kila mti na kila jiwe la kona.

Binamu yangu alirudi Dar es Salaam baada ya mwaka mpya. Fedha ya gokati hakuitumia. Aliacha fungu dogo kwa ajili ya helmeti tatu, na orodha ya kanuni imebandikwa kwenye duka la njia panda, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Vigari vinne vimekwisha kamilika. Viwili vimeshindwa jaribio la breki, vimerudishwa kwa fundi, na mbio za kwanza zimesogezwa mpaka vitakaposimama.